Nyasi za kwa Wachanga

Nilimwambia mume wangu siku ileile nilipoambiwa mimi, kwa sababu neno la namna ile likilala ndani ya nyumba huoza. Alikuwa kwenye kigoda chake, kiatu cha mteja amekibana kwa magoti, uzi mdomoni.

"Halmashauri wamechagua sehemu tatu za kuacha nyasi zikue," nilisema. "Kando ya uwanja wa mpira, kwenye mzunguko wa barabara, na kule kwa Wachanga."

Mkono wake ukasimama hewani na sindano yake.

Kwa Wachanga ni kona ya makaburi ya mji wanakozikwa watoto wadogo. Hakuna mawe ya majina kule, vibao vya mbao tu, na mchwa wanavijua vibao hivyo kuliko sisi. Wa kwetu wa pili yuko hapo. Alikaa nasi muda mfupi, tulikuwa bado tunamwita Mgeni, kama watoto wapya wanavyoitwa. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wetu hakuwahi kushika jembe. Aliyeshika chombo ni baba yake: kila Jumapili asubuhi alinoa fyekeo, akaenda, akafyeka mahali pa mwanawe pakawa kama zulia, akarudi, akanawa mikono, na kutwa nzima akawa mwepesi kidogo.

"Zikue mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka maua yaangushe mbegu. Nyuki hawana pa kula mjini, baba. Kila mahali tumefyeka. Mwalimu wetu wa jioni anasema..."

"Mwalimu wako wa jioni amezika nani pale?"

Mchana mimi namwagilia miche kwenye kitalu cha halmashauri. Jioni nasoma masomo ya sekondari niliyoyaacha nilipobeba mimba ya binti yetu. Habari ya chavua na wadudu niliielewa darasani mpaka nikaipenda. Nilipoulizwa kazini kama kwa Wachanga panafaa, nilisema panafaa sana. Niliwaza hivi: watoto wale hawakuona kitu cha dunia, basi waletewe vipepeo mlangoni.

Mwenzangu akautoa uzi mdomoni. "Mimi sina picha yake. Sauti yake nimeshaanza kuisahau. Nina pale tu, mama. Nyasi zikipafunika, nitabaki na nini?"

Jumapili hiyo alikwenda na fyekeo lake kama kawaida. Getini akamkuta msimamizi wa makaburi, ambaye sisi wafanyakazi wenzake tunamwita Meya, maana huongea kana kwamba mji ni wa baba yake.

"Shemeji, rudi na silaha yako," Meya alimwambia. "Safari hii serikali inatulipa tusifanye kazi. Mkitaka kutuharibia neema, semeni."

Mume wangu hakucheka. Aligeuka akarudi nyumbani, akalitundika fyekeo msumarini nyuma ya mlango. Wengine wakinuna hugonganisha vyombo. Wangu hupiga misumari. Wiki ile viatu vya mtaa mzima vilipigiliwa, nusura na kandambili.

Mvua zikanyesha. Kazini nilikuwa napita kwa Wachanga na kuona mambo ambayo sikuwahi kuyaona mjini: maua ya zambarau yaliyojiotea yenyewe, panzi wakiruka kama mafuta ya moto kikaangoni, nyuki miguu yao imejaa chavua ya njano. Moyo ulinifurahi, halafu ukaniuma kwa kufurahi. Nyumbani sikusimulia. Binti yetu ndiye aliyekuwa akiuliza, "Baba, leo si Jumapili? Mbona hujaenda kwa Mgeni?" Naye humjibu, "Baba amechoka, mwanangu."

Jumapili moja niliamka nikaona msumari nyuma ya mlango hauna kitu.

Nilimbeba binti mgongoni nikatoka mbio. Getini hapakuwa na mtu. Nilimkuta mume wangu katikati ya nyasi, zimemfika kifuani, fyekeo linaning'inia mkononi. Hakuwa amekata hata jani moja. Alikuwa anageuka, anatazama huku, anageuka tena.

"Sipaoni," alisema.

Sijawahi kuisikia sauti ile kwake, hata siku ya maziko.

"Nimekuja hapa Jumapili zote hizo, mama. Mikono yangu inapajua. Sasa nimesimama hapa, na huenda nimemkanyaga."

Nilitazama mimi. Vibao vilikuwa vimekwisha kuliwa. Kila upande nyasi zilikuwa nyasi, na maua yakitikisika juu yake, mazuri, hayajui habari zetu. Nikajua kwamba mimi ndiye niliyesema panafaa, na kwamba nikimwomba asubiri mbegu zianguke nitakuwa namwomba mtu asubiri bila pumzi.

"Fyeka," nilimwambia. "Fyeka pote, baba, mpaka umpate. Maneno ya kazini yatanipata mimi."

Akaliinua fyekeo. Nyuki walikuwa kwenye maua mbele ya mkono wake, hawakuhama. Binti yetu akasema kwa sauti ndogo mgongoni mwangu, "Utawakata na hao?" Baba yake akabaki vile, mkono juu, jasho linamtiririka shingoni. Kisha akaushusha.

"Turudi getini," nilisema. Sijui wazo lilitoka wapi. "Usitafute kwa macho. Anza pale unapoanziaga, uende kama unavyokwendaga."

Tukarudi. Alisimama getini akiangalia chini, kama mtu anayesikiliza. Halafu akaanza kutembea, akikata pale tu mguu wake ulipotaka kukanyaga. Nilimfuata. Nyasi zilitusimamia huku na huku, zikitugusa mabega. Alikwenda moja kwa moja, akakata kona ambayo mimi nisingeikata, akaenda tena, akasimama.

Mbele yake palikuwa na mahali padogo, kama mkeka wa mtoto, ambapo nyasi zilikuwa fupi. Kwa kufyekwa miaka yote zile ndefu zilikuwa zimekata tamaa. Zilizobaki ni zile zinazotambaa, na kati yake vilijaa viua vya njano vidogo kama vifungo vya shati. Vya namna hiyo sikuviona kwingine kote kwa Wachanga. Chini ya nyasi ndefu visingepata jua.

Alipiga magoti. Nami nilimshusha binti yetu, akaenda kumwegemea baba yake begani, wakakaa hivyo.

Tulipoinuka kurudi, tulimkuta mama mmoja amesimama mwanzo wa ile njia, mkoba kwapani, viatu mkononi kwa sababu ya umande.

"Samahani, kaka," alisema. "Njia hii inafika wapi?"

"Inafika kwa wangu tu, dada."

"Aa." Akatazama zile nyasi. "Nilikuja mwezi uliopita nikakosa pa kupita. Nikarudi."

Mume wangu alifuta fyekeo kwenye suruali. "Wa kwako yuko upande gani?"

"Kule karibu na ukuta. Nadhani. Nikienda nitapajua."

Hapo Meya akatokea, anahema, kofia mkononi. "Shemeji! Nilikwambia nini mimi? Hapa hapa..." Akamwona yule mama na viatu vyake. Akaitazama ile njia nyembamba mpaka mwisho, na nyuki wakikatiza juu yake kama hakuna kilichotokea. Akavaa kofia yake, akaivua tena.

"Upana wa mtu mmoja," alisema. "Usizidishe."

"Sizidishi." Mume wangu alikuwa ameshainama. "Simama nyuma yangu, dada, uniongoze. Kulia au kushoto?"

"Kushoto," yule mama alisema. "Kushoto kidogo."