Misalaba Miwili ya Yustina

Mama Kirolos, jirani wa orofa ya chini, anadai kuwa msalaba wa Febronia ulihama kwa sababu aliyemchanja alizimua wino kwa maji. Mama Kirolos hakuwapo. Alibaki nyumbani, mjini Minya, akimwagilia maua ya familia hiyo kama alivyoombwa.

Waliokuwapo wanasema hivi. Mzee Labib alileta familia yake Kairo kwa siku tatu kuzuru makanisa ya kale, kwa kuwa binti yake mdogo, Yustina, alikuwa amepata nafasi ya kusomea ufamasia. Ilikuwa wiki ya sikukuu, na walinzi wa mageti walitaka kwanza kuona msalaba kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ule wanaochanjwa kwa wino Wakopti, Wakristo wa Misri, wangali watoto.

Katika kanisa la kwanza, lile lenye ngazi nyingi, Yustina alikuwa akiwasha mshumaa. Dada yake mkubwa, Febronia, alisimama ubavuni pake akimshikia mkoba. Msalaba wa Febronia ulishuka hadi kiganjani, ukapita kidoleni, ukapanda mkono wa Yustina polepole kama sisimizi, ukatulia kando ya msalaba wa mwenyewe.

"Unanitekenya," Yustina alisema.

Mama yao, Teriza, alivaa miwani akatazama. "Umekupenda. Usiukune."

Herini za bibi zilikuwa zimehama vivyo hivyo kutoka kwa Febronia kwenda kwa Yustina, na chumba chenye dirisha, na shule. Febronia alipomaliza darasa la sita alibakizwa nyumbani amtunze Yustina, aliyekuwa na pumu. Pumu ilipopona, hakuna aliyekumbuka kumrudisha Febronia darasani.

Kwenye kanisa la pili mlinzi aligeuzageuza mkono wa Febronia kama mtu anayechagua nyanya.

"Msalaba uko wapi, dada?"

"Jana nilikuwa nao."

"Jana hata mimi nilikuwa na nywele."

"Uko kwa mdogo wangu. Mtazame, anayo miwili."

Mlinzi akahesabu. Ilikuwa miwili kweli. "Huyu apite," alisema.

"Kaa na mabegi, mwanangu," Teriza alimwambia Febronia. "Wewe huchoki."

Akakaa. Aliona wivu, wivu mkavu, kama mkate uliomezwa bila maji. Mfukoni alikuwa na karatasi ya daftari. Kanisa la tatu ndilo hasa walilolijia. Watu huweka maombi yao chini ya kitambaa chekundu kinachofunika mifupa ya mtakatifu. Febronia alikuwa ameandika lake kwa jioni tatu kabla ya safari, kwa mwandiko wa darasa la sita. Mstari wa kwanza ulisema: Naomba nirudi shule. Wa pili: Kama haiwezekani, Yustina naye asiende.

Kwenye geti la tatu alimvuta mdogo wake kando.

"Yusti, niazime wangu. Naingia, naweka, natoka."

"Hautoki, dada. Nimeusugua na sabuni pale hotelini, wala." Yustina alisema kwa huruma ya kweli. "Nipe karatasi nikuwekee."

Febronia aligeukia ukuta. Alichana mstari wa chini, akautia mdomoni, akautafuna. Wino ulikuwa mchungu. Sehemu iliyobaki akaikunja mara nne.

"Usiifungue."

"Mimi? Na wewe una maneno!"

Walikaa ndani saa nzima. Febronia alilinda mabegi manne na koti la baba yake. Nyimbo alizisikia, na alizijua zote.

Walitoka wakitafuna mkate wa sadaka. Mzee Labib alisema mtakatifu wa pale hacheleweshi jibu.

"Na wewe tumekuombea," Teriza alisema. "Afya."

Ndani ya basi dogo, Yustina alimwekea dada yake kitu mapajani. "Nimekubakizia. Nimeufunga vizuri usipondeke."

Kilikuwa kipande cha mkate, bado kina joto. Febronia alikunjua karatasi iliyoufunga. Chini ilikuwa imechanika. Juu, katikati ya chembe za mkate, palikuwa na mwandiko wake: Naomba nirudi shule.

Basi lilikuwa limeanza kuondoka.

"Yusti," alisema, "mwambie baba asimamishe gari. Mara moja tu."

Yustina aliegemea dirisha, akashusha mkono wa shati ukafunika misalaba yote miwili, akafumba macho.