Waya wa Ethi kwenye Gari la Lugembe

Lugembe wa Goweko alikuwa fundi wa kila kitu chake mwenyewe, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Mkewe, Ng'washi, alikuwa ameacha kwaya ya Moravian aliyoimbia sauti ya pili tangu usichana wake. Masikio yalikuwa yamemwishia nguvu, akasema anawaharibia wenzake. Nyumba ikapooza. Lugembe akaenda madukani Kanyenye, akarudi na amplifaya na spika kubwa, akaapa kwamba mama huyu ataisikia kwaya yake ndani ya gari lao, masikio yapende yasipende.

Alifunga vyote kwa mkono wake. Injini ilipowaka, spika zikatoa mluzi mkali uliopanda kila alipokanyaga mafuta, na rekodi mpya ya kwaya ikazama humo.

"Zima, Baba Shukrani!" Ng'washi aliziba masikio. "Hicho kidogo nilichobakiwa nacho usinimalizie."

Maneno hayo yalimchoma. Akabadilisha nyaya za muziki, akazipitisha upande mwingine, wapi! Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, aliufunga kwenye fremu ya chuma ya kupangia mizigo, aliyoiunda mwenyewe na kuifunga ndani ya buti. Huo hakuutilia shaka hata kidogo. Chuma ni chuma, alijiambia, na bolti alikuwa ameikaza mpaka jasho likamtoka.

Alasiri Ng'washi alimletea chai, akamkuta kajiinamia nyuma ya gari, injini inanguruma. Akamwonea huruma. Tangu kusikia kulipopungua, alikuwa na mazoea ya kugusa vitu ajue kama vinafanya kazi: mashine ya kusaga, redio, hata kifua cha mjukuu aliyelala. Akaweka kiganja kwenye bodi ya gari. Akakihamishia kwenye fremu. Akarudia.

"Hiki chuma chako kimelala," alisema kwa sauti kubwa, kama kawaida yake siku hizi. "Gari zima linatetemeka, chenyewe kimetulia tuli. Kwani hakijashikana na gari?"

Lugembe akachungulia chini ya fremu. Mpira! Kwa makorongo ya barabara yao, fremu ile ilikuwa ikigonga njia nzima, ndipo akakata tyubu ya tairi, akaitandika chini yake na kuzivisha hata bolti. Fremu ilikaa ndani ya gari bila kuligusa. Umeme, kwa kukosa njia, ulikuwa ukirudia kwenye nyaya za muziki pamoja na kelele zote za injini.

Alizima, akachomoa kichwa cha betri, akakwangua rangi ya sakafu ya buti mpaka bati likang'aa. Waya akaufunga hapo, mfupi na mnene. Akarudisha kichwa cha betri, akawasha, akakanyaga mafuta. Mluzi haukuja.

Kwaya ikaingia. Ng'washi alikaa kiti cha mbele, kiganja juu ya spika ya mlangoni, macho kayafumba. Midomo ikaanza kucheza, kisha sauti yake ikatoka, ya pili, mahali pake hasa. Lugembe alisimama pale kwa furaha, machozi yakimlenga, akiogopa hata kukohoa.

Ghafla mama akafumbua macho, kakunja uso.

"Nini tena?" Lugembe alishtuka.

"Huyu Eustadia waliyempa nafasi yangu, anawahi kuingia! Hakuna wa kumwambia?" Akafunga mkanda wa kiti. "Jumamosi unipeleke mazoezini."