Mkwe Aliyesimama Nje

Nyinyi mnajua kwamba zamani kwetu mwanamume hakukanyaga nyumba ya mama mkwe wake? Hakumshika mkono, hakula mbele yake. Wakikutana njiani, mmoja aliingia kwenye majani chai mpaka mwenzake apite. Ilikuwa heshima, na mama yangu Chepkemboi aliishika kuliko wote.

Huko miaka ya hamsini alikuwa mjane, na mtoto wake alikuwa mimi tu. Mume wangu Kipkemoi akamjengea nyumba ya udongo karibu na yetu, juu kidogo ya Silibwet, yenye dari ya miti ya kuwekea mahindi na kuni. Tangu siku mama alipohamia, Kipkemoi hakuingia tena.

Tetemeko lilinikuta mtoni, baada ya chakula cha mchana. Kwanza kulitoka sauti chini, kama lori la kampuni ya chai likipanda mlima na magunia ya majani, lakini barabara ilikuwa tupu. Halafu ardhi ikanitupa magotini. Ng'ombe walilia ng'ambo zote mbili. Nilipoinuka, maji yalikuwa mekundu kwa udongo.

Nikakimbia nyumbani. Kwetu ukuta ulikuwa na ufa wa kupitisha ngumi. Kwa mama, ukuta wa nyuma ulikuwa umelala kabisa. Kipkemoi alisimama kando ya mlango, uso ameugeuzia ua.

"Ako hai," akaniambia. "Anaongea. Ingia wewe."

Niliingia nikitambaa. Dari ilikuwa imemwangukia, na boriti moja imemlalia kiunoni. Nguo yake ilikuwa imechanika, imebaki kama kamba shingoni. Niliivuta ile boriti mpaka kucha zikatoka damu. Haikusonga.

"Mama, nimwite Kipkemoi?"

"Aje anione hivi? Wewe nilikulea wapi?"

Nikamfunika na leso niliyojifunga. "Sasa umefunikwa."

"Hata. Atafute mwanamume mwingine. Huko sokoni wamekwisha?"

Kipkemoi alisikia kila neno, maana ukuta ulikuwa wazi. Hata hivyo aliniuliza, "Priscah, amesema nini?"

Nikaishika tena ile boriti. Nikasikia miguu yake ikikimbia kuelekea sokoni.

Mama alinituma nimwangalizie kuku. Akanigombeza nisikanyage mahindi ya mbegu. Nikawa nayaokota moja moja, nayaweka kwenye kikapu, ili tu anione nafanya kitu. Ndipo ardhi ikatikisika tena. Ilikuwa kidogo kuliko mara ya kwanza, lakini paa lililobaki likashuka juu ya ile boriti. Mama alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika.

Kipkemoi alirudi na Onsongo, Mkisii fundi wa baiskeli, ambaye hakuwa mkwe wa mtu hapa. Onsongo akaingia bila kuuliza.

"Kipkemoi, shika huku!"

"Siwezi."

"Huwezi nini? Dume zima, mabega kama ya fahali!"

"Siwezi, Onsongo."

Basi tuliinua mimi na Onsongo, kwa mpini wa jembe, kidogo kidogo, tukamtoa juu ya mlango uliong'oka.

Zahanati tulikompeleka nayo ilikuwa imepasuka, wagonjwa wamelazwa kwenye nyasi. Dresa, mhudumu wa pale, alimchoma mama sindano kwenye nyayo. Mama akamuuliza ataanza lini kumchoma. Dresa akanitazama, akatuambia turudi naye nyumbani.

Hakuna aliyelala ndani wiki ile, kijiji kizima. Tulimtengenezea mama kibanda cha matawi, na Kipkemoi akatundika blanketi katikati ili aweze kukaa karibu bila kumwona. Alikaa hapo siku tatu. Hakwenda kuchuma chai, na nyapara alipotuma mtu kumwita, hakumjibu. Mimi nilimpa mama maziwa kwa kijiko, yakawa yanarudi.

Siku ya tatu, jua likiwa la utosi, mama akafungua macho.

"Priscah, mumeo yuko wapi?"

"Hapo nyuma ya blanketi."

"Kipkemoi," akaita. Hakuwa amewahi kulitamka jina lake.

Kipkemoi akasimama. Niliona vidole vya miguu yake chini ya blanketi.

"Naam, mama."

Mama alikusanya pumzi kwa muda mrefu.

"Siku ile," akasema, "nilikuwa nataka uingie."