Waandishi Hawaandiki Vyoo

Dobi aliimaliza riwaya ile akiwa chooni, kama alivyozimaliza zote. Alikuwa amekaa juu ya kifuniko, miguu kaiweka kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu kaiegemeza kwenye dumu la sabuni. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, na mlango wa choo ndio pekee uliokuwa na komeo. Kutwa nzima mwanamke huyu husimama kwenye meza ya pasi akinyoosha mashuka ya hoteli. Alichokitaka duniani hakikuwa kikubwa: mahali pa kukaa na kitabu bila mtu kumwambia, "Kwa kuwa hufanyi kitu, hebu nishikie hiki."

Akarekodi maoni yake akayatuma kwenye kundi. Lilikuwa kundi la mtandaoni la wasomaji wa riwaya mpya, na sharti lake lilikuwa moja tu, usitoe maoni kama hujafika ukurasa wa mwisho. Wengi wao hawajawahi kuonana. Alikuwemo Mwalimu, bibi aliyestaafu kazi lakini hajastaafu kusahihisha watu. Alikuwemo Daktari wa Meno, mama mpole kabisa mpaka akutane na mwandishi mvivu, hapo utamkimbia. Na alikuwemo Mwenyekiti, ambaye kazi yake ilikuwa kuwarudisha kwenye mada. Dobi aliwaambia kwamba yule mjane wa kwenye riwaya amemwingia moyoni, hasa pale anapokaa kwenye chumba chake cha kushonea, dirisha wazi, akikataa kuolewa tena.

Asubuhi chumba kile cha kushonea kilikuwepo nyumbani kwa Dobi, kati ya jiko na chumba cha watoto. Dirisha lilikuwa wazi na kiti kilikuwa na mto. Kwa nje nyumba ilibaki vilevile. Jirani yao, fundi mwashi, aliitwa aje aangalie. Akagonga ukuta kwa kidole, akasema plasta imepigwa vizuri, ila mlango yeye angeufungia upande wa pili. Akanywa chai akaenda zake.

"Mungu hamtupi mja wake," akasema mama mkwe, aliyekuwa akilala na wajukuu. "Mgongo wangu umepata pa kunyooka." Dobi aliporudi kutoka kazini akakuta kitanda kimeshatandikwa humo.

Hakununa. Mama mkwe alimpenda, na mgongo ulikuwa unamuuma kweli. Akasoma riwaya nyingine, ya dada wawili wanaogombania kituo cha redio, akatoa maoni, na asubuhi ikatokea studio yenye kuta za sponji. Humo akaingia shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa amekuja kusalimia tu mwaka juzi. Riwaya iliyofuata ilileta ukumbi mpana wa harusi iliyovunjika, maua bado yamening'inia. Mumewe, fundi wa friji, akaujaza friji mbovu.

"Mama Pacha, unaleta baraka humu ndani," mumewe akamwambia, na alikuwa anamaanisha.

"Baba Pacha, nilikuwa nafikiria pale dirishani ningeweka kiti."

"Weka, mke wangu, nani amekukataza?" Akatazama huku na huku. "Ngoja kwanza hizi zipate wateja."

Daktari wa Meno ndiye aliyetoa ushauri. "Dobi mpenzi, unajiponza mwenyewe. Unachagua vitabu vyenye vyumba vizuri. Soma cha jela, tuone nani atakitaka."

Akasoma cha jela. Kilikuwa kizuri, alilia mara mbili. Asubuhi kikatokea chumba cha mahabusu, sakafu ya saruji, mlango wa chuma, na tundu la kupitishia sahani. Dobi akaingia na kitabu chake, akakaa sakafuni, akasoma ukurasa mzima. Wa pili hakuufikia. Wifi yake, aliyekuja kumwona mama, alichungulia kwenye tundu akauliza kama hapo pana mtu, maana joto la huko kwake halilaliki na hapa pana ubaridi wa kupendeza.

Basi, nyumba ikawa na vyumba vingi na wifi, shemeji na marafiki wa shemeji. Choo kikabaki kilekile kimoja. Sasa hata pale palipokuwa pake pakawa pa wote. Akifungua tu sura, mlango unagongwa.

"Shemeji, umesinzia humo?"

"Natoka."

"Jana pia ulisema unatoka!"

Hapo Dobi aliumia. Aliliambia kundi kwamba mwezi huu hatamaliza kitabu, hana pa kukisomea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeaga. Kundi likachafuka. Mwalimu akasema tatizo ni waandishi. Watu wao wanakula, wanalia, wanasalitiana, wanazikana, ila hakuna hata mmoja anayekwenda haja. Mwingine akawalaumu wahariri. Wakabishana wiki nzima mpaka Mwenyekiti akachoka kuwarudisha kwenye mada, naye akaingia kwenye ubishi.

Mwishowe wakakipata kitabu chenye choo. Kilikuwa kitabu cha kwanza cha kijana mmoja asiyejulikana, cha karani anayejifungia kwenye choo cha ofisini ili alie. Dobi alikisoma kazini kwa kuibia, amesimama, pasi mkono mmoja, na shuka moja likaungua. Maoni yake yalikuwa ya kweli kama kawaida: mwisho umekimbizwa, bosi hana uhai, lakini kurasa zile za chooni amezirudia, hazimtoki.

Asubuhi choo kilikuwepo. Kilikuwa na vigae vyeupe, komeo la shaba, na kidirisha kinachoingiza jua. Familia nzima ikaja kutazama. Dobi akangoja kusikia nani anakihitaji.

"Hiki ni cha mke wangu," akasema mumewe kwa sauti. "Asiguse mtu."

Mama mkwe akaleta mto wake mwenyewe akauweka juu ya kifuniko. Shemeji akafunga rafu. Wifi akasema wapo wanawake wangapi wenye bahati hii. Dobi akatokwa na machozi, ya furaha kabisa, akawashukuru mmoja mmoja.

Jioni akarekodi maoni juu ya riwaya mpya bila kugongewa mlango. Mwanachama mgeni, aliyejiunga siku ile, akauliza mbona sauti yake ina mwangwi. Dobi akamweleza.

"Nyumba yote hiyo, dada, na wewe unakaa chooni?"

Mwalimu akaandika kwamba yeye husomea ndani ya gari la marehemu mumewe, lililotolewa injini. Daktari wa Meno husomea kwenye kiti cha wagonjwa, wa mwisho akishaondoka, na nyumbani huwa anasema foleni ilikuwa ndefu. Mwenyekiti alisema yeye husomea kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu.

Mgeni akaandika kwamba yeye yumo kabatini, kati ya makoti.

"Karibu sana, mwenzetu," akasema Mwenyekiti. "Haya, turudi kwenye mada. Sura ya pili mmeionaje?"