Zana ya Kumjibu Mteja

Mafundi cherehani wote wana ulimi, lakini wa Bi Kesho ulishonwa kwa uzi wa hariri. Wateja ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa kila nguo iliyoingia kwenye karakana yake ilikuwa inakamilika kesho. Sasa harusi ya mwanawe ilikuwa Jumamosi, gauni la bibi harusi lilikuwa mikononi mwake, na bibi harusi mwenyewe alikuwa hajaliona hata kwa mbali. Akiuliza, aliambiwa, "Mwanangu, wewe tulia." Akatulia, maana mama mkwe hagombezwi kabla ya ndoa, ila roho ilikuwa juu juu.

Kazi ya binti huyo ilikuwa kuandika maelezo ya zana. Si nyundo wala msumeno; ni zile zana wanazopewa wasaidizi wa akili mnemba, hii ya kusoma kumbukumbu, ile ya kutuma ujumbe, na kila moja lazima iandikiwe ni ya nini, itumike lini, na lini isiguswe. "Msaidizi ni mgeni," alipenda kusema. "Akili anayo, lakini hajui choo kiko wapi. Usipomwambia, atafungua mlango wowote."

Mchumba wake ndiye aliyempeleka kwa mama. Simu za karakana zilikuwa zinaita mpaka mafundi wanajichoma sindano, basi awekwe msaidizi wa kujibu wateja. Bi Kesho alikubali. Kila asubuhi aliingiza kwenye kompyuta kila nguo imefikia hatua gani, na humo hakudanganya, maana hakujua kama kompyuta nayo husema.

"Zana hii ya kumjibu mteja niieleze vipi, mama?"

"Andika inamjibu mteja."

"Imjibu nini?"

"Si anachouliza? Mwenye akili hafundishwi kila kitu."

Binti alijua maelezo hayo yamepungua. Akayaandika hivyo hivyo, kwa heshima.

Siku iliyofuata mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliandika ujumbe kuulizia suti yake. Msaidizi akamjibu kwa adabu zote kwamba kitambaa hakijakatwa, kiko kwenye mfuko uleule aliokuja nao, chini ya meza. Mwalimu mkuu hakuandika tena. Alikuja mwenyewe, akainama, akauchomoa mfuko wake mbele ya wateja waliokuwa wakisubiri kwenye benchi. Benchi nzima ikaanza kuchungulia chini ya meza.

"Hicho kidude chako kimenivua nguo," Bi Kesho alisema walipobaki wawili.

"Kimesema kweli, mama."

"Nani alikiambia kiseme kweli?"

"Hakuna aliyekiambia kisiseme." Binti akavuta kiti. "Safari hii nieleze kama unamweleza mtu aliyeshuka kwenye basi leo. Nguo ikiwa haijakatwa, mteja aambiwe nini?"

Bi Kesho akatazama mlangoni. "Imebaki vifungo."

"Ikiwa imekatwa ila haijashonwa?"

"Imebaki pasi."

"Na ikiwa imepotea?"

"Fundi kafiwa."

"Fundi yupi?"

"Yeyote. Wote wana ndugu."

Binti aliandika akijikaza asicheke, kisha akasoma kwa sauti: "Zana hii hutumika mteja anapoulizia nguo isiyokamilika. Humpa jibu lisilo la kweli, ili asije."

"Andika inamtuliza."

"Nikiandika inamtuliza, mama, kitawaimbia wateja nyimbo za kulaza watoto."

Bi Kesho akaukunja utepe wake wa kupimia, akaukunjua, akaukunja tena. Maneno yale alikuwa akiyasema kila siku, hakuwahi kusomewa. "Haya, jaribu," alisema hatimaye. "Tuone kama kimeelewa."

Kidole cha binti kilitangulia akili. Akaandika kama mteja: gauni la harusi ya Jumamosi limefikia wapi?

Jibu lilikuja bila kusita. "Gauni lako limekamilika. Limebaki vifungo tu."

Alisoma, akarudia kusoma. Hakuhitaji wa kumfasiria. Maelezo aliyaandika mwenyewe. Hasira ilimpanda, na nyuma ya hasira kilio. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ila hawakumwambia kwamba itaishia kwenye gauni lake.

"Mama, halijakatwa?"

"Halijakatwa."

"Na harusi ni Jumamosi."

"Ndiyo hiyo inayoniua." Bi Kesho aliketi kwenye kiti cha cherehani. "Kila siku nashika mkasi, kisha naurudisha mezani. Mteja nikimharibia atanitukana aende zake. Wewe nikikuharibia utabaki. Utakuja kula kwangu, na picha ziko ukutani zinanitazama. Nimekupenda, mwanangu, ndiyo shida."

Binti alitaka kubaki na hasira yake, ikamponyoka. Akayafuta maelezo yote, akaiondoa kompyuta kwenye meza ya kukatia, akatandaza kitambaa na kukishika ncha mbili.

"Kata, mama. Mimi nashika."

Mkasi ulisita, kisha ukaingia. Walikuwa wamefika kiunoni simu ilipoita. Alikuwa mwanawe, anaulizia gauni.

"Bado," Bi Kesho alisema, simu kaibana begani. "Ndiyo kwanza tunalikata."



"Mama," mwanawe aliuliza kwa sauti ya chini, "unaumwa?"