Kompyuta ya Dirishani

Priska alikuwa na chumba cha gemu pale Makambako, nyuma ya maduka ya mbolea, jirani na reli. Kompyuta zake zilikuwa mitumba ya maofisini, na kadi zake za picha zilikuwa zimechoka. Alizifuta zote akaziwekea mfumo wa Linux, kwa sababu ni ya bure na haizilemei. Hata hivyo, gemu jipya la mbio za magari lilizishinda. Gari linaingia kwenye kona, picha inaganda, ukija kuona tena uko mtaroni.

Akatafuta mtandaoni mpaka akapata programu moja ndogo ya kulainisha picha za gemu. Zamani kazi ile ilitaka mtu aandike amri mstari kwa mstari, na ukikosea herufi moja gemu linakataa kufunguka. Hii ilikuwa na vitufe tu: unachagua gemu, unabofya, yenyewe inapachika mafaili panapotakiwa. Baada ya hapo gemu linachorwa dogo, kisha linakuzwa mpaka linajaa kioo, na jicho halitambui. Chini kulikuwa na kisanduku kingine cha kutia tiki. Ukikitia tiki, kompyuta inabuni picha za ziada na kuzichomeka katikati ya zile za kweli. Priska alitia tiki kwenye kompyuta zote mbili za mashindano, ya mlangoni na ya dirishani. Magari yakaanza kuteleza kama maji.

Mashindano yenyewe yalikuwa kati ya mdogo wake, Elius, na kijana wa Njombe aitwaye Hilario. Kila walipokutana, Hilario alishinda. Safari hii tu watu walikuwa na wasiwasi naye, maana alikuwa ameanguka na pikipiki kwenye milima ya Ludewa akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, na plasta ilikuwa imetolewa majuzi.

Asubuhi ile Elius alikaa kwenye kompyuta ya mlangoni akajaribu. Alizunguka kidogo, akasimama.

"Dada, picha ni nzuri, lakini usukani una uvivu. Nakata kona, gari linafikiria kwanza."

Priska akajaribu mwenyewe, akaelewa. Zile picha za kubuni zilikuwa zinailazimisha kompyuta kusubiri. Macho yanaona ulaini, ila mkono unajibiwa kwa kuchelewa. Akatoa tiki. Elius akarudia.

"Hapo sawa kabisa."

Priska akainuka kwenda kutoa tiki na kwenye ile ya dirishani. Kabla hajafika, mlango ukafunguliwa, wageni wa Njombe wakaingia na makoti yao, wakipuliza viganja kwa baridi. Akasimama pale katikati ya chumba. Akamtazama Elius. Tangu akose nafasi ya chuo, mdogo wake alikuwa mtu wa kushinda kitandani, na siku hiyo ndiyo kwanza alikuwa amechana nywele. Ingetosha kubofya mara moja. Priska akavuta kiti cha dirishani akasema, "Karibu, Hilario. Wewe kaa hapa."

Nitaitoa wakipumzika, alijiambia. Wakapumzika, wakanywa chai, na hakuitoa.

Kilichomchoma zaidi ni pongezi. Kabla ya mbio kuanza, Hilario aligeuka akatabasamu. "Dada Priska, hongera. Hata Njombe hatuna picha laini namna hii."

Mbio zilipoanza, Hilario aligonga ukuta kwenye kona ya kwanza. Akagonga tena. Kila akikosea alikuwa hautazami usukani, anautazama mkono wake. Anaukunja, anaukunjua, anaukandakanda kama mtu anayeamsha mgonjwa. Elius alimwacha mbali. Watu wa Makambako wakapiga kelele, wengine wakambeba Elius juu. Hilario akaenda kumpa mkono, ule wa kushoto.

"Umeshinda kihalali, ndugu yangu," akasema.

Kwa muda Elius akawa mtu mwingine. Alianza kuamka mapema, akamsaidia dada yake kufungua chumba, akacheka na wateja. Priska alijaribu kufurahi naye, ila chakula alikuwa anakibakiza. Jumapili kanisani, waumini walipofika kwenye maungamo, sauti yake iligoma kutoka.

Kisha Hilario akaja. Aliteremka kwenye gari la Njombe na mfuko wa salfeti begani, na ndani ya mfuko kulikuwa na usukani wake wa gemu, aliokuwa akitembea nao kila mashindano.

"Mpe Elius," akamwambia Priska. "Mimi nimeacha."

"Umeacha kwa nini?"

"Mkono umekufa, dada. Hospitali walinipa mazoezi ya kila wiki, nimeacha na hayo pia. Ya nini? Nauamuru unachelewa. Siku ile hapa kwako nilihakikisha."

Priska alifungua mdomo. Alichosema ni, "Asante. Nitampa." Akapokea mfuko. Hilario alipotoka, akaketi chini nyuma ya kaunta, mahali ambapo wateja hawawezi kumwona.

Kesho yake alimweleza Elius kila kitu. Elius alisikiliza mpaka mwisho, uso ukimbadilika.

"Nani alikutuma?" akauliza.

"Hakuna. Nilitaka ufurahi."

"Ungeniacha nishindwe, dada. Kushindwa nimezoea." Akasukuma usukani mpaka mbele ya miguu ya dada yake. "Peleka wewe. Mimi siwezi kumtazama."

Priska akafika Njombe kabla ya mchana. Mama yake Hilario, Dorosela, alikuwa uani akichambua viazi vya mbegu. "Shikamoo, mama," Priska akasalimia. Yule mama akaitikia marahaba, akamshika mikono yote miwili, akamkaribisha jikoni kwenye moto, akamwekea chai na viazi. "Wewe ndiye dada wa Makambako? Mwanangu alisema ulimpokea vizuri. Mungu akubariki." Priska alishika kikombe bila kukinywa.

Hilario alipoingia, akauona usukani. "Elius ameukataa?"

"Hilario, mkono wako haukuchelewa. Kompyuta yangu ndiyo iliyochelewa, na mimi nilijua." Akaeleza: tiki, picha za kubuni, jinsi alivyoitoa kwa mdogo wake na kumwachia yeye. Hakuongeza neno la kujitetea, ingawa alikuwa ameandaa mengi njiani.

Hilario akageuka. Alitoka, akarudi na kompyuta yake. "Nionyeshe."

Nayo ilikuwa ya Linux. Priska akaiweka programu ile kutoka kwenye flashi, akachagua gemu, akatia tiki. Hilario akafunga usukani mezani, akaendesha. Kona ya kwanza, ukuta. Akatikisa kichwa taratibu.

"Ndivyo ilivyokuwa. Sasa toa."

Akatoa. Hilario akaendesha tena. Kona ya kwanza ilipita, ya pili ikapita, gari likaitikia kila alipogusa. Kwenye kona kali kifundo kilimuuma, akakunja uso, lakini hakuachia. Mama yake alikuja akasimama mlangoni na kisu cha viazi mkononi, akimtazama mwanawe. Akaanza kulia kimya kimya.

Hilario alizima kompyuta. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Wiki zote hizi namwambia mama mkono umekufa. Nalala na hilo, naamka na hilo."

"Nisamehe."

"Sijui, dada. Leo sijui." Akafungua mlango. "Magari ya kurudi Makambako yanawahi. Nenda."

Hilario alirudi kwenye mazoezi hospitalini. Mtaalamu alimwambia kifundo kimekakamaa kwa sababu ya wiki alizokatiza. Kitanyooka, ila huenda kisikunjike kama zamani. Priska alizipata habari hizo kwa watu. Alipokusanya wachezaji wake akawaeleza alichofanya na kuufuta ule ushindi, wengine waliguna, wengine hawakuja tena. Alikubali.

Jumamosi moja Elius alitoka bila kuaga. Jioni akarudi na vumbi la Njombe kwenye viatu, akala ugali wake, akaosha sahani. Walikuwa hawajaongea vizuri tangu siku ile. Priska alitamani kuuliza kama walicheza, na nani alishinda, akajizuia. Hakuona kama ana haki ya kuuliza.

Elius alikausha mikono. "Mama Dorosela anakusalimia," akasema.

"Na Hilario?"

"Hilario hakutuma salamu." Akatundika kitambaa, akasita kidogo mlangoni. "Ila aliniuliza kama u mzima. Nikamwambia unakonda."