Vikapu vya Ukuta wa Fahari

Watu wa nchi ya Ghururi hawakuulizana hali kama watu wengine waulizanavyo. Mkazi wa Msongo, mji mkuu wa nchi hiyo, alipokutana na mwenzake alimwuliza, "Umebanwaje?" na mwenzake akajibu, "Nimebanwa vyema, nashukuru." Aliyejibu kwamba hakubanwa alihurumiwa, maana alidhaniwa hana jamaa, hana kazi wala hana heshima.

Mji ule ulikuwa mwembamba kwa ardhi na mnene kwa watu. Nyumba zilipandana mabegani, na kila kitu ambacho kwingine Mungu hukitoa bure, pale kilikuwa na bei. Kivuli kilitozwa ushuru. Dirisha lilipangishwa kwa saa, familia moja ikavuta hewa asubuhi, nyingine adhuhuri, nyingine alasiri. Kitanda kilikuwa cha zamu, na aliyeamka alimkuta anayefuata amekwisha kunawa miguu, anamngoja. Ajabu ni kwamba kadiri maisha yalivyozidi kuwa ghali, ndivyo watu walivyozidi kuusifu mji; kwa kuwa ni taabu mtu kukiri kwamba kitu alichokinunua kwa umri wake wote hakina thamani.

Hata hivyo hawakuwa watu wabaya. Mjamzito alipopita kichochoroni, wanaume kwa wanawake walivuta matumbo ndani, wakazuia pumzi mpaka apite. Penye dhiki kama ile, kumpa mwenzako upana wa kiganja ni sadaka kubwa, na sadaka hiyo ilitolewa kila siku bila kutangazwa.

Msongo ulizungukwa na Ukuta wa Fahari, na nje ya ukuta, kwa mafundisho ya wanazuoni wake, palikuwa na Ukiwa tu: mahali pasipo mtu, pasipo chakula, pasipo kesho. Mtu mzima aliyeshindwa na mji aliruhusiwa kutoka kwa Lango la Majuto, lakini tangu hapo sheria ilimhesabu kuwa maiti. Jamaa zake walimwekea matanga siku tatu, wakagawana nguo zake, na baada ya hapo jina lake halikutamkwa tena. Aliyelitamka alinyang'anywa zamu ya kitanda na zamu ya dirisha.

Palikuwa na desturi nyingine. Kila nyumba ilikuwa na kikapu chenye alama yake, na jioni kikapu hicho kilishushwa kwa kamba upande wa nje wa ukuta, kikavutwa asubuhi. Vikapu vya nyumba nyingine vilirudi na mihogo, maziwa mgando, mboga, karanga na asali. Vya nyingine vilirudi na umande. Wanazuoni walieleza kwamba Ukuta huwalisha waaminifu, na wenye vikapu vitupu wakahimizwa watubu. Walitubu kweli, maskini. Wenye vikapu vilivyojaa waliwamegea kimyakimya, chini ya kanga, ili wasiwaaibishe. Askari wa ukuta walisimama wakitazama ndani, maana kutazama nje kulikuwa kosa. Na karatasi yoyote iliyoonekana kikapuni ilichomwa kabla ya kusomwa, ikaitwa uchawi wa Ukiwa.

Katika nyumba yenye kikapu cha alama ya mwiko waliishi watu wanne: Sitasita, mkewe Tarajia, binti yao Pumzi wa miaka sita, na mama yake Sitasita, Bi. Ihsani. Kikapu chao hakikukosa karanga hata siku moja. Karanga za nyumba nyingine zilikuja na maganda yake. Za nyumba hii zilikuja zimemenywa, nyeupe kama meno ya maziwa. Bi. Ihsani alizila pembeni, moja moja, wala hakusema kitu.

Pumzi alikuwa na kikohozi. Kilianza kama mzaha, kikawa mgeni, kikawa mwenye nyumba. Tabibu aliweka sikio kifuani pa mtoto, akakaa hivyo kitambo kirefu kuliko ada yake.

"Dawa yake naijua," alisema, "lakini siiuzi, wala hapa mjini haiuzwi. Ni nafasi. Akiimaliza masika hii humu ndani, hataiona nyingine."

Siku ile ile Tarajia alimwambia mumewe, "Tuondoke."

"Tuondoke," Sitasita alikubali. Kisha akakuna kichwa. "Ila mke wangu, tumengoja miaka minne kupata dirisha la asubuhi. Mwakani ni zamu yetu."

"Mwakani atalivutia hewa nani hilo dirisha? Mimi na wewe?"

"Huko nje hakuna mtu, Tarajia. Hapa angalau tunapajua. Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Tarajia alimpandishia mtoto blauzi, mbavu zikaonekana zinahesabika. "Haya, zimwi limekula halikumaliza. Nionyeshe basi lilichobakiza."

Sitasita aligeuka kwa mama yake. "Mama, sema neno."

"Nikilisema neno langu, mwanangu," alijibu Bi. Ihsani, "litakuwa refu, na huenda likatunyima pa kulala." Akarudi kwenye karanga zake.

Shida haikuwa lango. Lango lilikuwa wazi kwa watu wazima. Shida ilikuwa mtoto. Sheria ilisema kwamba mtu mzima ana ruhusa ya kujifisha kwa kuhama, lakini anayemtoa mtoto nje ya ukuta ni muuaji wa mtoto huyo. Tarajia hakutaka kutoroka kama mwizi. Alikwenda mbele ya Baraza akatangaza nia yake, na kwa kuitangaza akashtakiwa. Akishindwa, Pumzi angechukuliwa alelewe na Baraza, katika vyumba vya chini ambako hata dirisha la kupanga halikuwako.

Siku ya hukumu ukumbi ulijaa hata watu walipumua kwa kupokezana. Kitini aliketi Hakimu Inadi, mzee mwenye uso uliofungwa kama sanduku, ambaye kwa miaka arobaini hakupata kubatilisha neno lake. Mshtaki alikuwa Kashifu, mtu mwenye sauti nzuri na haja ya kuisikia.

"Mheshimiwa," alisema Kashifu, "mama huyu anataka kumpeleka mwanawe penye Ukiwa. Simwiti katili, namwita mjinga, na ujinga wa mama ni jeneza la mwana. Kama nje kuna uhai, na alete shahidi mmoja, mmoja tu, aliyetoka akaishi!"

"Nitamleta vipi?" Tarajia aliuliza. "Kila aliyetoka mmemhesabu maiti, na maiti kwenu hatoi ushahidi."

"Ndiyo sheria."

"Basi hamtaki shahidi. Mnataka nikose."

Watu walicheka kidogo, wakaogopa, wakanyamaza. Hakimu Inadi aligonga meza. "Mama, jibu swali. Unajua kwa yakini kwamba mtoto huyu ataishi huko?"

"Sijui, mheshimiwa," alisema Tarajia, na machozi yakamtoka pasipo sauti kubadilika. "Najua kwa yakini kwamba hapa atakufa. Ningekuwa na yakini mbili ningewaletea zote, ninayo moja."

Hapo Pumzi alishikwa na kikohozi. Kilimkunja kama nguo inayokamuliwa. Watu waliomzunguka, bila ya kuamriwa, walisukumana nyuma, wakapandiana vidole, wakamwachia duara la hewa lenye upana wa mkeka. Kwa mara ya kwanza katika umri wake mtoto yule alisimama pasipo kuguswa na mtu. Na kikohozi, polepole, kikamwachia.

Kila mtu aliliona jambo lile. Kashifu naye aliliona, akaharakisha kusema, "Naomba hukumu itolewe!"

"Ngoja kidogo, mwanangu," ilisema sauti ya kizee. Bi. Ihsani alikuwa amesimama, kikapu chenye alama ya mwiko kikiwa mkononi. "Mheshimiwa, nina ushahidi. Sitamtaja maiti yeyote. Naomba ruhusa ya kuwapanga watu tu."

Inadi alitafuta sheria iliyokataza kuwapanga watu, asiione. "Panga."

"Wenye vikapu vinavyorudi vimejaa, waende kuume. Wenye vikapu vinavyorudi vitupu, waende kushoto."

Katika ukumbi ule lilikuwa jambo gumu kama kuchambua mchele ndani ya chungu kinachochemka.

"Samahani bwana, mguu huo ni wangu."

"Uchukue basi, mimi ninao miwili inanitosha."

Baada ya muda mrefu wakatengana. Bi. Ihsani alijua kwamba akiendelea huenda jioni ile akakosa kitanda. Tena alijua jambo baya zaidi, kwamba huenda vikapu vikapigwa marufuku, na kikapu kile ndicho pekee alichobakiwa nacho cha mtu fulani. Alimtazama mjukuu wake ndani ya duara la hewa, akaendelea.

"Sasa, yeyote ambaye nyumba yake imewahi kukaa matanga ya mhamaji, na ainue mkono. Asimtaje. Ainue mkono tu."

Kuume iliinuka mikono kama shamba la mtama. Kushoto haukuinuka hata mmoja.

Watu wa kuume waliangaliana, kila mmoja akishangaa kuuona mkono wa jirani yake. Maana walikuwa wamezuiwa kutaja kwa muda mrefu hata wakaacha kulinganisha. Kisha mzee mmoja wa kushoto, fundi wa kupaka chokaa, akasema kwa sauti iliyopasuka:

"Miaka thelathini nimetubu dhambi nisiyoitenda. Kumbe sikukosa imani. Nilikosa mtu nje."

"Ni sadfa!" Kashifu alipiga kelele. "Sadfa tupu!"

"Sadfa haimenyi karanga," alisema Bi. Ihsani. Alitia mkono kikapuni, akautoa umejaa zile nyeupe. "Maganda hunikwama kooni. Nilikuwa na mtoto aliyelijua hilo, akinimenyea tangu akiwa mdogo kama huyu. Miaka kumi na mmoja sasa tangu tumlilie. Asubuhi ya nne baada ya matanga nilivuta kikapu, nikazikuta hizi. Barua mngezichoma, karanga hazisomeki. Nimenyamaza kwa woga, na ukimya wangu umewazika watu walio hai. Mnisamehe."

Sitasita alifunika uso kwa mikono miwili. Alikuwa amemlilia kaka yake huyo siku tatu, akarithi viatu vyake na kuvivaa mpaka vikaisha.

Bi. Ihsani alimgeukia hakimu. Sauti yake haikuwa ya ushindi. Ilikuwa ya mtu anayemfungulia mwenziwe mlango. "Nyumba yako hupata asali, baba. Nyumba nyingine hupata asali yenye nta. Yako je?"

Utotoni nta ilipata kumkaba Inadi nusura afe, na palikuwa na msichana aliyemchujia asali kwa kitambaa tangu siku ile. Kila asubuhi kwa miaka arobaini alikuwa akila asali safi isiyo na hata chembe ya nta, akijiambia kwamba Ukuta unamheshimu. Alitazama mikono yake. Pumzi alikohoa mara moja, kikohozi kidogo.

"Maridhia," alisema hakimu.

Karani aliacha kuandika. Jina lilikuwa limetamkwa, tena kitini pa hukumu.

"Andika," Inadi alimwambia. "Ni jina la dada yangu, na kwa kulitaja nimepoteza kitanda na dirisha, liandike hilo pia. Kisha andika kwamba Baraza haliwezi kumwita mtu muuaji kwa kumpeleka mtoto mahali ambako maiti huamka alfajiri kumtayarishia hakimu kifungua kinywa. Mtoto na aende. Na mwenye jina la kutaja, alitaje."

Ndipo ukumbi ukalipuka, si kwa kelele, bali kwa majina. Yalitoka yakigongana, majina ya waume na mabinti na kaka, mengine yakisemwa kwa woga kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Kashifu alijaribu kuyapinga, lakini sauti yake nzuri ilizama. Mwishowe alionekana naye midomo yake inatikisika. Alilitaja la nani, hakuna aliyesikia.

Mji haukuhama. Wengi walibaki, wala hawakuwa wajinga kwa kubaki, kwa kuwa sasa walibaki kwa hiari. Lakini alasiri ile watu watatu walisimama penye Lango la Majuto, na askari, kwa mara ya kwanza, wakageuka kutazama nje. Sitasita aliweka mguu mmoja nje, akauacha mwingine ndani.

"Mama, na wewe njoo."

"Nikija, nani atashusha kikapu?" alisema Bi. Ihsani. "Nenda. Ukifika mwambie kaka yako viatu vyake vilikuwa vizuri."

"Na kama hatutamkuta? Na kama mtoto njiani..."

"Sitasita," alisema Tarajia kwa upole, "mwenzako ameshakwenda."

Ilikuwa kweli. Pumzi alikuwa mbele, anatembea peke yake katikati ya njia pana, mikono kaitandaza kuona kama itagusa kitu. Baba yake aliutoa mguu wa pili, akamkimbilia.

Jioni Bi. Ihsani alishusha kikapu. Tangu ukuta ujengwe vikapu vyote vilikuwa vikitoka vitupu. Hiki alitia ndani kanga yake nzito, ya kumfunika mtoto kifua. Kisha akangoja. Jirani alimpa zamu yake ya kitanda, akaikataa; alikaa ameshika kamba, maana hakimu hakuahidi uhai wa mtu, wala tabibu, wala yeye mwenyewe.

Alfajiri akavuta. Kikapu kilikuwa kizito. Kanga haikuwamo. Juu palikuwa na karanga nyeupe kama siku zote, zimemenywa na mkono aujuao. Chini yake palikuwa na konzi nyingine, ndogo, iliyofungwa katika jani: karanga zilizomenywa nusunusu, nyingine na maganda yake, nyingine zimepasuka, na mbili zenye alama za meno ya mtoto aliyeonja kwanza.

Bi. Ihsani alizila hizo mbovu, zote, pamoja na maganda yake. Wala hazikumkwama.